Skrini Nyeusi Si Kifo cha Kompyuta

Makala haya ni ya kukiri kosa na pia ni ya kugombana kidogo. Nitakiri langu kwanza, ndipo nipate haki ya kugombana na wengine.

Katika muhula wa pili wa mwaka wa 2025, nikiwa kidato cha tatu, nilifuta kazi ya wiki tano ya mwenzangu wa kidato cha nne. Kazi yenyewe ilikuwa mradi wake wa Somo la Kompyuta, ule ambao alama zake huhesabiwa katika mtihani wa KCSE. Sikufuta kwa uadui. Nilifuta nikiwa ninamsaidia, tena nikijiona fundi wa mafundi, huku wadogo zangu wa kidato cha pili wakinitazama kwa mshangao. Kompyuta yake, ile ya nambari saba karibu na dirisha la maabara, ilikuwa imewaka nyeusi ti, na kistari kimoja kikipepesa juu kabisa upande wa kushoto. Nikatamka kwa sauti ya daktari mkuu, "Hii imekufa. Tuifomati tu." Nikachomeka flashi yenye Linux Mint, nikabonyeza pale panapofuta diski yote, na baada ya nusu saa kompyuta ikawa mpya kama iliyotoka dukani. Mwenye mradi alipofika akauliza, "Faili zangu ziko wapi?" Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu mambo ni kinyume: tunabomoa nyumba nzima kabla hata hatujautazama ufa. Skrini ikizima, fomati. Kipanya kikigoma, fomati. Herufi zikiwa kubwa, fomati. Nasema tabia hii ni mbaya na tuiache, na nitaeleza kwa nini nikitumia nambari saba iyo hiyo, maana niliitibu vibaya mara moja na nikaitibu vizuri mara ya pili.

Kwanza tuelewane maneno. Najua wanachama wenzangu wa chama hiki watanisuta kwa kuandika "kompyuta" badala ya "tarakilishi" au "ngamizi". Nisameheni. Mtu akiwa na skrini nyeusi mbele yake hana muda wa kutafuta msamiati. Na neno "draiva" nitaliacha hivyo hivyo, ingawa kusema kweli Kiswahili kina neno lake zuri: dereva. Draiva ni programu inayojua kuendesha kifaa fulani. Matatu inaweza kuwa na rangi za kuvutia na muziki wa kupasua masikio, lakini bila dereva ni banda la kuku tu. Vivyo hivyo kile kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye skrini kina dereva wake, kipanya kina wake, kibodi ina wake. Dereva wa basi la Isuzu ukimpa trekta huenda akaikwamisha, na ndivyo ilivyotokea kwa nambari saba.

Kisa chenyewe kilianza wiki moja kabla. Tulifanya usafi wa maabara, meza zikasogezwa, na siku iliyofuata picha kwenye nambari saba ikawa nene. Herufi zilivimba kama zimepigwa na nyuki, madirisha yakawa hayaenei, na kile kitufe cha kuhifadhi kazi kikawa chini ya ukingo wa skrini mahali ambapo kipanya hakifiki. Skrini ile ni pana, ya nukta 1440 kwa 900. Sasa ilikuwa inapewa picha ya 1024 kwa 768 na kuivuta kwa nguvu ili ienee.

Mwenzetu mmoja (sitamtaja, ameshatubu) akaenda kutafuta dawa kwenye intaneti. Akapata maandishi ya mtu fulani aliyekuwa na tatizo kama hilo, akayanakili neno kwa neno kwenye daftari, akarudi akayaandika katika faili iitwayo /etc/X11/xorg.conf. Kwenye maandishi hayo kulikuwa na mstari unaosema draiva iwe "nvidia". Kompyuta zetu za maabara zina vifaa vya picha vya Intel. Yaani alimeza dawa iliyoandikiwa mgonjwa mwingine. Alipoiwasha tena, nyeusi! Ndipo nami nikaingia na flashi yangu.

Hapa inafaa nieleze faili hiyo ilitoka wapi, kwa sababu wengi wanadhani ni lazima iwepo. Mfumo wa X, ambao ndio huchora madirisha katika Linux nyingi, ulianza katika chuo cha MIT kule Marekani mwaka wa 1984, na toleo la kumi na moja, ndilo hilo X11, likatoka mwaka wa 1987. Katika miaka ya 1990, aliyetaka kutumia Linux alikuwa na kibarua kweli kweli. Ilimbidi aandike kwa mkono, katika faili ya mipangilio, masafa ambayo skrini yake ingeyaweza, na akikosea nambari, zile skrini nene za zamani zenye kioo kama televisheni zingeweza kuharibika. Enzi hizo faili ilikuwa ya lazima. Tangu mradi wa X.Org uchukue usukani mwaka wa 2004, mambo yalibadilika pole pole: mfumo ukajifunza kuuliza vifaa wenyewe, "Wewe ni nani? Unaweza nini?" Leo kompyuta ya kawaida haina faili ya xorg.conf kabisa, na haiihitaji. Lakini mawaidha ya zamani hayafi. Bado yanazunguka, na wanafunzi bado wanayanakili. Ukiiandika faili hiyo, mfumo unakutii hata kama umekosea, kwa sababu unadhani unajua ukifanyacho.

Turudi maabarani. Baada ya msiba ule, Mwalimu wetu wa Kompyuta aliniita. Hakunichapa wala kunipigia kelele, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

"Kijana, kabla ya kufuta ulisoma nini?"

"Sikusoma kitu, Mwalimu."

"Sasa ulijuaje kwamba mgonjwa amekufa?"

Nikanyamaza kama maji ya mtungi. Akamwita yule mwenzetu na daftari lake, akainakili faili ile ile kwenye nambari saba, akaiwasha upya. Skrini ikawa nyeusi, na kistari kikipepesa vile vile. Kisha akabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Aisee! Palepale ikatokea sehemu ya kuandika jina na nywila, maandishi matupu bila picha. Kompyuta haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa hai, ikifanya kazi, ila haikuwa na mchoraji. Mafaili yote ya mwenzangu yalikuwa yamekaa humo humo siku ile nilipoifuta.

Akaniambia niandike hivi: grep "(EE)" /var/log/Xorg.0.log

Faili hiyo ndiyo moyo wa makala haya. Kila mara X inapowashwa huandika kila inachokifanya, kama askari wa zamu anavyoandika katika kitabu cha matukio kituoni. Kila mstari una alama yake mwanzoni. (II) ni habari tu. (WW) ni onyo, na maonyo mengi si kitu, usishtuke. (EE) ni kosa. (--) ni jambo ambalo mfumo umeligundua kwenye kifaa chenyewe, na (==) ni uamuzi wake wa kawaida. Ninayoipenda zaidi ni (**), nyota mbili: maana yake ni kwamba jambo hilo limeagizwa na faili ya mipangilio, yaani kuna binadamu aliyelitaka. Ukiziona nyota mbili nyingi kwenye kompyuta iliyougua, usiilaumu kompyuta, uliza nani aliketi hapo jana.

Siku hiyo logi ilitoa mistari michache tu. Mmoja ulisema Failed to load module "nvidia", yaani draiva hiyo imetafutwa na haikupatikana. Mwingine ukasema no screens found, yaani hakuna skrini iliyopatikana. Wapo wanaosoma mstari huu wa mwisho peke yake na kuanza kuchunguza skrini, na kumbe skrini haina kosa. Ukisoma kosa, anza na la kwanza. La mwisho mara nyingi ni matokeo tu. (Na kama umeshaiwasha tena ikapona, logi ya mara iliyotangulia haijapotea. Iko pale pale ikiwa na .old mwishoni mwa jina.)

Mwalimu akaniamuru nibadilishe jina la faili ile mbaya, sio kuifuta:

sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani

Tukawasha upya. Picha ikarudi! Dakika mbili hazikuisha. Nilitazama saa ya ukutani kisha nikatazama chini. Wiki tano za mwenzangu zilipotea kwa sababu sikujua amri ya mstari mmoja.

Tena kuna uchungu mwingine. Flashi ile ya Linux Mint, kabla ya kusakinisha chochote, huwasha kompyuta na kukuonyesha dawati zima lililo tayari kutumika. Ningeweza kuifungua diski ya nambari saba kutoka humo, nikanakili folda ya mwenzangu kwenye flashi nyingine, halafu nikafuta nikipenda. Dawa na sumu zilikuwa katika flashi moja mkononi mwangu. Nikachagua sumu kwa sababu ndicho kitufe nilichokizoea.

Na je, herufi nene? Hizo zilirudi! Ndiyo, baada ya kufuta kila kitu na kusakinisha upya, nambari saba ilikuwa bado imevimba. Ukweli ni kwamba hata lile dawati la flashi lilikuwa limevimba kabla sijabonyeza lolote, nami sikujiuliza. Mfumo mpya kabisa una ugonjwa ule ule wa zamani, basi ugonjwa utakuwaje wa mfumo?

Hapa Mwalimu alinifundisha jambo ambalo sikulitarajia katika somo la Linux. Kila skrini ya kisasa hubeba kitambulisho chake, kama vile mtu mzima anavyobeba kipande mfukoni. Kinaitwa EDID, na kwa kawaida kipande chake cha kwanza ni baiti 128 tu. Ndani yake skrini inajitaja: naitwa fulani, nimetengenezwa mwaka fulani, naweza nukta kadhaa kwa kadhaa. Kompyuta huomba kitambulisho hicho kupitia waya. Katika waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu na pini 15, kitambulisho hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Pini hizo zikikatika, rangi zinaendelea kupita vizuri, picha unaiona, ila skrini imekuwa bubu. Kompyuta isipopata kitambulisho huwa haibahatishi makubwa, inatoa 1024 kwa 768 na ndogo zaidi, basi.

Tuliandika xrandr, tukaona orodha fupi ya vipimo, 1440 kwa 900 haimo. Tukaitazama faili ya edid iliyo ndani ya /sys/class/drm, kwenye folda ya VGA: tupu, baiti sifuri. Kisha tukafanya jaribio ambalo hata mtoto wa chekechea angeliweza. Tukachomoa waya wa nambari saba tukaubadilisha na wa nambari nane. Nambari saba ikapona papo hapo. Nambari nane ikavimba.

Waya! Waya uliovutwa siku ya usafi. Kwa ajili yake mtu alidukua mipangilio ya Intel kwa dawa ya Nvidia, na mimi nikachinja mradi wa mtu.

Nimesikia wakisema, "Hii Linux ndiyo shida. Ni ngumu sana." Sikubaliani. Waya uliokatika pini ungevimbisha picha katika mfumo wowote ule. Tofauti ni kwamba hapa kitabu cha matukio kiko wazi, mtu yeyote anakisoma. Ninachokubali ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza kikavu cha mafundi, nacho kinatisha. Lakini maneno ya kujua hayafiki ishirini, na sisi tunaokariri ngeli za Kiswahili tukashinda hatuwezi kushindwa na hayo.

Wenye kompyuta za Nvidia nyumbani wana lalamiko lenye uzito zaidi. Draiva ya kampuni hiyo kwa muda mrefu ilitengenezwa kwa siri nje ya kerneli, kwa hiyo kerneli ikisasishwa bila draiva kufuata, asubuhi unaamkia weusi. Mwaka wa 2012, Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, alipokuwa chuoni Aalto nchini Ufini aliitolea kampuni hiyo maneno na ishara ya kidole ambayo mlezi wa jarida hili hataniruhusu kuieleza. Mwaka wa 2022 kampuni ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli. Hata hivyo ukiwa na weusi wa namna hiyo, njia ni ile ile: Ctrl, Alt, F3, kisha logi. Amri ya lspci -k itakuambia una kifaa gani cha picha na ni draiva ipi inayokiendesha sasa. Jua hilo kabla hujanakili dawa ya mtu.

Sasa niseme kuhusu kipanya, maana yupo atakayedhani kwamba mambo haya ni ya skrini peke yake. Laptopu ya chama chetu, hii hii iliyochapiwa jarida mnalolisoma, ilikuwa na pepo. Ukiandika, kiganja kikigusa kidogo ile padi ya kipanya, kishale kinaruka na maneno yako yanaingia katikati ya aya ya mtu mwingine. Shairi moja zuri lilipata mshororo kutoka kwa ripoti ya mweka hazina. Mlezi wetu alidhani ni utundu.

Nilijua kuna mpangilio wa kuzima padi mtu anapoandika. Nikaufungua katika faili ya draiva ya libinput, nikawasha upya, wapi! Nikarudia mara tatu. Zamani ningefomati. Safari hii nikasoma logi, nikakuta mstari unaosema Using input driver 'synaptics'. Kumbe laptopu ilikuwa na draiva mbili za padi. Mtu alikuwa amesakinisha ile ya zamani, synaptics, juu ya libinput. Faili za mipangilio husomwa kwa kufuata nambari iliyo mwanzoni mwa jina, na ya mwisho kukidai kifaa ndiyo inayokipata. Ya libinput ilianza kwa 40, ya synaptics kwa 70. Nilikuwa namshauri dereva aliyekaa kiti cha abiria! Nikaiondoa:

sudo apt remove xserver-xorg-input-synaptics

Kishale kikatulia. Ila kugonga padi badala ya kubonyeza kitufe kukaacha kufanya kazi, na wenzangu wakaja juu kwamba nimeharibu. Sikuwa nimeharibu. Libinput kwa kawaida huacha jambo hilo likiwa limezimwa kwenye laptopu zenye vitufe vyake. Tuliliwasha katika mipangilio ya kipanya, kwa tiki moja.

Tahadhari moja kwa wenye mashini mpya. Si kila Linux inatumia X siku hizi. Fedora ilianza kutumia Wayland kama mfumo wa kawaida katika toleo la 25, mwaka wa 2016, na wengine wamefuata. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE uone. Ikikujibu wayland, xorg.conf hata uiandike kwa wino wa dhahabu haitaligusa dawati lako.

Nimetetea sana logi, sasa niwasikilize wanaotetea kufuta. Wanasema, darasa lina wanafunzi arobaini, kipindi ni dakika arobaini, nani ana muda wa kusoma mistari mia tatu? Naam, wana hoja. Kompyuta isiyohifadhi kazi ya mtu yeyote, ifute, sina neno. Lakini zetu zinahifadhi. Na kufuta kulinichukua nusu saa, ilhali kubadilisha jina la faili kulichukua dakika mbili, na waya sekunde kumi. Anayesema kufomati ni haraka anahesabu tu zile mara ambazo alibahatika.

Ninachoomba kwa uongozi wa maabara si fedha. Naomba daftari moja la kurasa tisini na sita, lifungwe kwa kamba karibu na mlango, na kila anayegusa mipangilio aandike tarehe, nambari ya kompyuta na alichobadilisha. Lingekuwepo, ningeona kwamba jana yake mtu aliandika xorg.conf. Pia naomba kila kompyuta itakaposakinishwa, folda ya /home iwekwe katika sehemu yake ya diski, ili hata mtu mwenye pupa kama mimi akilazimika kusakinisha upya aweze kuuacha mradi wa mwenziwe salama. Na asiruhusiwe mwanafunzi kubonyeza "futa diski" kabla hajamwonyesha mwalimu au kiranja mstari wa (EE) alioukuta.

Mwenzangu aliurudia mradi wake kwa siku kumi na sita, akiamka saa kumi alfajiri, na akauwasilisha kwa wakati. Nilikaa naye jioni kadhaa nikimsomea takwimu azichape upya. Hakunitukana, ila kila nilipounyosha mkono kuelekea kibodi yake alikuwa akiusukuma kando bila kusema neno.

Ule waya mbovu tumeufunga uzi mwekundu na kuuweka katika droo ya tatu ya meza ya mwalimu. Tafadhali usiuchomeke popote.